Tafuta Mshono Kwanza: Mkazo katika Maneno Ambatani ya Kiholanzi

Mwanafunzi akitamka zieKENhuis, najua mara moja kwamba amelelewa kwa Kiswahili. Kwetu mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na neno likirefuka mkazo nao husogea: SOma, soMEsha, someSHEni. Ziekenhuis, yaani hospitali, imeundwa kwa zieken, wagonjwa, na huis, nyumba. Sauti hupanda kwenye ZIE. Ongeza bed, kitanda, upate ziekenhuisbed. Mkazo bado uko kwenye ZIE.

Kwa hiyo nawafundisha watafute mshono, yaani pale maneno mawili yanapoungana. Neno la kushoto ndilo hubeba mkazo mkuu, pale pale lilipoubeba likiwa peke yake. Station lina mkazo mwishoni, basi uwanja ulio mbele ya stesheni ni staTIONSplein. Hiyo s ya katikati ni gundi tu, na ni mali ya upande wa kushoto. Wengi huivuta kulia wakasema «splein», neno ambalo halipo.

Mshono husikika hata kwenye konsonanti, na hapa ndipo ninapopapenda zaidi. Gouden, «ya dhahabu», hugawanyika gou-den, maana d hukimbilia irabu inayofuata. Lakini katika goudader, mshipa wa dhahabu mwambani, ader ni neno jingine. D haivuki mshono. Inabaki mwisho wa goud, na d ya mwisho wa neno Kiholanzi huitamka t: gout-ader.

Ukikosea mshono, maana inaponyoka. Dijkramp ikikatwa dijk-ramp ni maafa ya boma la kuzuia maji. Ikikatwa dij-kramp ni msuli wa paja uliokakamaa. Mkazo ni ule ule, DIJ, kwa hiyo masikio yategemee k imekaa wapi. Massagebed ni tofauti: masSAge-bed ni kitanda cha kukandia mwili, MASsa-gebed ni sala ya umati. Hata g hubadilika: katika gebed hutoka kooni, karibu na kh yetu, lakini katika massage ni ile laini iliyotoka Ufaransa.

Yapo maneno yanayokaidi, nayo hukaririwa tu: stadHUIS, jengo la serikali ya mji, burgeMEESter, meya, boerenKOOL, mboga ya jamii ya sukuma wiki. Na jina la mji wa RotterDAM, maana yake bwawa la mto Rotte.