Kabla ya Dar es Salaam palikuwa Mzizima

Wanafunzi wanaokuja makumbusho hutuuliza karibu kila wiki: "Dar es Salaam si ndiyo Bandari ya Salama?" Hapana. Bandari ni neno lenye asili ya Kiajemi. Dar ni Kiarabu, nyumba au makazi. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alipoanza kujenga mji wake hapa miaka ya 1860, aliuita makazi ya amani.

Lakini hakujenga porini. Jirani, karibu na ilipo leo Hospitali ya Ocean Road, palikuwa na kijiji cha Washomvi na Wazaramo kilichoitwa Mzizima. Wengi hulifasiri jina hilo "mji wenye afya". Mimi huwaomba wanafunzi walisikilize kwanza: kuzizima. Maji ya mtungini huzizima yakilala usiku kucha. Mahali palipozizima ni mahali pa ubaridi na utulivu, kwa hiyo amani aliyoitamka Majid kwa Kiarabu, wenyeji walikwisha kuisema kwa lugha yao. Hili hunigusa kila ninapolieleza.

Majid alivutwa na kina cha maji. Bagamoyo vyombo vikubwa hutia nanga mbali na ufuko, ilhali hapa ghuba imejificha nyuma ya mlango mwembamba. Alifariki 1870, na mdogo wake Barghash hakuuendeleza mji. Boma la Kale, jengo la enzi za Majid, lingali limesimama kuelekea bandarini. Ukiweka kiganja ukutani utayahisi matumbawe, makavu na ya kukwaruza, yaliyoshikwa kwa chokaa.

Wajerumani walifika 1887, na 1891 wakahamishia makao makuu hapa kutoka Bagamoyo. Ramani zao ziliandika Daressalam, neno moja. Mtaa waliouita Unter den Akazien ukawa Acacia Avenue chini ya Waingereza, baada ya uhuru Independence Avenue, na leo ni Samora. Kariakoo ni habari nyingine: Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kilipita kwenye ndimi za watu kikatoka Kariakoo, na hakuna mtawala aliyeweza kulibadili jina hilo.

Mwaka 1973 iliamuliwa makao makuu yaende Dodoma. Mzizima haikwenda popote: Simba na Azam wakikutana uwanjani, watangazaji bado wanaiita Dabi ya Mzizima.