Mtoto mwenye seliaki: apimwe kwanza, ndipo ngano iondoke

Malalamiko ya aina mbili yamekuwa yakitufikia kitengo cha lishe hapa Dodoma, na yanaongezeka. La kwanza ni la wazazi: mtoto amegundulika na seliaki, ameachishwa chapati na maandazi, lakini bado anaharisha na uzito haupandi. La pili ni la wahudumu wa kliniki, wanaoletewa watoto walioachishwa ngano kwa ushauri wa jirani au wa kwenye simu, bila kipimo chochote. Tunaamini wote wana nia njema.

Seliaki si mchango, na mtoto hajabemendwa. Kinga ya mwili wake hushambulia utumbo kila anapokula gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai (nafaka jamii ya ngano). Haiambukizi. Haiishi mtoto akikua. Tunaulizwa hilo kila kliniki, na jibu halijabadilika.

Kipimo cha kwanza ni cha damu, kingamwili ya tTG-IgA, ambayo hupanda kwa wenye seliaki, pamoja na jumla ya kingamwili zote za aina ya IgA. Mara nyingi hufuatiwa na kipande kidogo cha utumbo mwembamba kinachochukuliwa kwa kamera. Vyote viwili vinataka mtoto awe anakula ngano. Ukimwachisha mapema, majibu yanaweza kutoka safi na ugonjwa upo. Kwetu hili lina uzito zaidi, maana mtoto wa kijijini Bahi au Chamwino anaweza kumaliza wiki nzima kwa ugali wa uwele na mlenda bila kuonja ngano, ilhali mwenzake wa mjini hanywi chai bila chapati. Mwelezeni daktari mtoto anakula nini hasa, si kile mnachodhani anataka kusikia. Na asishangae mzazi tukianza kutafuta minyoo, giadia (kijidudu cha tumboni), kifua kikuu au VVU, kwa sababu kuhara kwa watoto wetu kuna sababu nyingi.

Kuhusu rufaa: anzia zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa, na daktari akiona haja, hospitali ya kanda. Kila ngazi itoe fomu ya rufaa yenye saini, muhuri na maelezo ya vipimo vilivyokwisha kufanyika. Njoo na kadi ya kliniki yenye mchoro wa uzito, hata kama imechakaa. Mwenye bima anayeruka ngazi bila fomu anaweza kujikuta analipa mwenyewe, na kumfokea mhudumu wa dirishani hakutasaidia.

Ugonjwa ukithibitika, dawa ni chakula, na hapa mkoa wetu una bahati. Uwele, mtama, ulezi, mahindi, mchele, muhogo na viazi havina gluteni. Ugali wa uwele kwa mlenda wa karanga, maharage, mayai na matunda ni mlo kamili kwa mtoto huyu; hahitaji biskuti za bei mbaya kutoka nje. Maziwa yanaweza kumsumbua miezi ya mwanzo mpaka utumbo upone, kwa hiyo yarudishwe taratibu.

Kwa nini basi haponi? Mara nyingi jibu liko kwenye ndoo ya unga wa lishe. Mama anaona mtoto amekonda, anamzidishia uji, na katika ule mchanganyiko imo ngano. Kila bakuli linamrudisha nyuma. Wataalamu wa lishe tumeshauri miaka mingi unga wa nafaka moja, watu wanatuitikia kwa adabu, kisha wanakwenda kuchanganya nafaka nane.

Baada ya uji, tazama mashine ya kusaga. Inayosaga ngano ya jirani hubakiza unga ndani, nao hutoka na mtama wako. Tafuta isiyosaga ngano kabisa, au twanga nyumbani. Viroba vilivyokuwa vya unga wa ngano visihifadhie unga wa mtoto. Awe na chekeche lake na mwiko wake. Vitumbua vya barabarani huchanganywa ngano mara nyingi, na chipsi zilizokaangwa kwenye mafuta ya sambusa si salama. Bibi atasema kidogo hakidhuru. Utafiti umeonyesha kwamba miligramu 50 za gluteni kwa siku, makombo ya mkate tu, zikiendelea kwa miezi 3 zinatosha kuharibu utumbo.

Maandishi ya "haina gluteni" kwenye pakiti yana masharti. Kiwango cha kimataifa cha chakula, Codex, kinataka gluteni isizidi miligramu 20 kwa kilo ya bidhaa, na hilo hujulikana maabara, si kwa macho ya msagaji. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Ukitilia shaka bidhaa, usiitupe. Hifadhi pakiti, risiti, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda, kisha peleka taarifa ofisi ya TBS. Bidhaa inaweza kuzuiwa au kuondolewa sokoni, na mhusika kufikishwa mahakamani. Wajasiriamali wadogo wapitie SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, kupata barua ya utambulisho kabla ya kuomba alama ya ubora. Kuandika tu neno kwenye lebo ili kuuza ni kosa.

Shuleni, makande ni salama iwapo mahindi na maharage yamechambuliwa. Uji wa lishe na maandazi hapana. Mzazi aandike barua kwa mwalimu mkuu, aambatishe ripoti ya daktari, nakala kwa afisa lishe wa halmashauri. Mtoto mwenyewe afundishwe kukataa bila kuona haya, kwani kwenye harusi na futari hatakuwepo wa kumsemea. Kwa Wakatoliki, hostia ni ya ngano: zungumzeni na padri kabla ya komunyo ya kwanza, kwani hostia zenye gluteni kidogo sana zinaruhusiwa, na vilevile kupokea divai pekee.

Kliniki ya marudio ni ndani ya miezi 3 hadi 6, kupima urefu, uzito, damu na kingamwili. Mtoto akichangamka, wazazi wengi hawarudi. Rudini. Na mje na ndugu zake wa tumbo moja, hata asiyelalamika, kwa sababu karibu mmoja kati ya 10 huwa na ugonjwa huu, naye apimwe akiwa bado anakula ngano.