Karatasi inasema wiki sita, baba karudi wiki nne

Kaka mmoja, dereva wa lori la Kongo, aliingia kliniki kashika karatasi ya ultrasaundi mkononi. "Sista, mimi nimerudi wiki nne zilizopita. Hapa wameandika mimba ya wiki sita. Hizo mbili ni za nani?" Mkewe alikuwa kwenye benchi, mtandio umeziba nusu ya uso.

Wiki zote sita zilikuwa zake. Wengi wetu tunaamini mimba huhesabiwa tangu siku watu walipolala pamoja. Sivyo. Huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, maana hiyo ndiyo tarehe mwanamke anayoweza kuikumbuka. Kwa mwenye mzunguko wa siku 28, yai hupevuka kama wiki mbili baada ya hapo. Kwa hiyo siku anayokosa hedhi, kitabuni keshatimiza wiki nne, ingawa mimba yenyewe ina kama wiki mbili tu. Nilishusha kalenda ya ukutani tukahesabu kwa kidole: hedhi ilianza tarehe 3, yeye kafika nyumbani tarehe 17, na siku ile ilikuwa tarehe 14 ya mwezi uliofuata. Siku 42. Alirudia kuhesabu mwenyewe, polepole, kisha akamgeukia mkewe: "Nisamehe, mama watoto."

Nimeona ndoa zikitikisika kwa hesabu hii. Ndiyo maana naianza hiyo, kabla ya dhana nyingine za mtaani kuhusu kujua kama mimba ipo.

"Tia jiki kwenye mkojo, ukitoa povu una mimba." Wengine husema sukari, chumvi, au dawa ya meno. Mkojo wa mtu yeyote, hata wa mwanamume, unaweza kutoa povu ukichanganywa na jiki, na mvuke wake unaumiza macho na kifua. Kipimo cha duka la dawa kinatafuta homoni inayoanza kutengenezwa baada ya mimba kujishikiza kwenye ukuta wa mji wa mimba, kati ya siku 6 na 12 tangu yai kupevuka. Zamani, kuanzia miaka ya 1930, hospitali zilitumia chura wa Afrika Kusini: alidungwa mkojo wa mwanamke, na kama kulikuwa na mimba alitaga mayai, mara nyingi ndani ya siku moja. Chura yule aliitambua homoni. Sukari haiwezi kuitambua.

Basi pima kuanzia siku uliyokosa hedhi, kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi, kabla hujanywa maji mengi. Soma ndani ya dakika zilizoandikwa kwenye pakiti. Mstari wa pili ukitokea ndani ya muda huo, hata ukiwa hafifu, hesabu kuwa mimba ipo. Ukija kuuona jioni ulipokiokota kipimo kwenye kapu la taka, usiutegemee. Na ukipata mstari mmoja lakini hedhi haiji, rudia baada ya wiki moja. Huenda ulipima mapema.

"Mshipa wa shingo unacheza, huyo tayari." Bibi zetu wana macho makali, na mara nyingine hupatia, kwa kuwa mapigo ya moyo huongezeka kweli wakati wa ujauzito. Ila mshipa huohuo hucheza kwa mwenye homa, na kwa aliyepungukiwa damu. Nimewaona wasichana wa shule wakisemwa mtaa mzima kwa sababu ya mshipa, kumbe ni damu haitoshi.

"Asiyetapika asubuhi hana mimba." Kichefuchefu huja saa yoyote, kwa kawaida kuanzia kama wiki ya sita, na wapo wasiokipata kabisa. Wala hakiwezi kukuambia jinsia ya mtoto.

Wanaonyonyesha ndio hunijia wakiwa wamechelewa zaidi. "Nanyonyesha, siwezi kushika." Kunyonyesha hukinga mimba pale tu mambo matatu yanapokuwa pamoja: mtoto hajafikisha miezi 6, ananyonya maziwa ya mama peke yake mchana na usiku, na hedhi haijarudi. Ukianza kumpa uji, kinga inalegea. Na yai hutangulia hedhi, kwa hiyo unaweza kupata mimba ya pili bila kuona damu hata mara moja tangu ujifungue. Aliye kwenye sindano au kijiti cha uzazi wa mpango naye anaweza kukaa miezi bila hedhi na asiwe na mimba. Kwa hao wote kukosa hedhi pekee hakuelezi kitu. Wakihisi mabadiliko, wapime.

"Ni malaria tu." Uchovu, kichwa kuuma, kichefuchefu: dalili zinafanana, na mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Usinunue dawa kwa kukisia. Pima malaria, pima na mimba, kisha mwambie anayekupa dawa kwamba hedhi imechelewa. SP, kwa mfano, ile dawa ya kukinga malaria kwa wajawazito, haitolewi katika miezi mitatu ya mwanzo. Uti wa mgongo wa mtoto nao hujifunga mapema sana, karibu na wiki ya sita ya hesabu yetu ile, na ndiyo sababu tunahimiza vitamini ya foliki asidi tangu mtu anapopanga kushika mimba.

La mwisho ni "nimeona damu, basi sina mimba." Matone machache mapema si jambo geni, na mimba ikaendelea vizuri. Lakini damu pamoja na maumivu makali upande mmoja wa tumbo, kizunguzungu, au maumivu kwenye ncha ya bega, inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi. Mrija ukipasuka, damu humwagika ndani ya tumbo wakati nje zinaonekana tone mbili tatu. Usisubiri kupambazuke, mwamshe jirani, tafuteni bodaboda au teksi, mwende hospitali usiku huohuo.