Kufuta Programu Zote Hakuitibu Simu Iliyosasishwa

Kila linapotoka sasisho kubwa la mfumo wa simu, wiki zinazofuata watu huniletea lalamiko lilelile: "Fundi, tangu nisasishe hii simu, nikitoka kwenye kivinjari nikajibu ujumbe wa WhatsApp halafu nikarudi, ukurasa unaanza kufunguka upya." Lalamiko hilo ni la haki na silipuuzi, kwa sababu mtu anayefanya kazi zake kwa simu hupoteza muda, bando na wakati mwingine maandishi aliyoyahangaikia. Kinachonisumbua ni maneno yanayofuata, ambayo nimeyasikia kwa wanafunzi, kwa walimu, kwa wafanyabiashara na hata kwa mafundi wenzangu: "Na mimi ni mwangalifu, kila nikimaliza kutumia simu nazifuta zote." Mtu huyasema hayo kwa fahari, ilhali ameshanieleza sehemu kubwa ya chanzo cha tatizo lake.

Kufuta zote ni kule kugusa kitufe cha mraba, au kusukuma skrini kutoka chini kwenda juu, kisha kuziondoa, kwa pamoja au moja moja, programu zote ulizozifungua karibuni. Imani iliyo nyuma ya kitendo hicho ni kwamba programu uliyoiacha inaendelea kufanya kazi kwa siri, inakula chaji na kuifanya simu iwe nzito. Kwa sehemu kubwa si kweli. Ukiiacha programu ukaenda nyingine, mfumo huipa muda mfupi wa kumalizia ilichokuwa ikifanya, kisha kwa kawaida huisimamisha mahali ilipo: haitumii tena prosesa, yaani ubongo wa simu, bali data zake na ukurasa wake wa mwisho hubaki kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya simu, na ukirudi unaendelea palepale ulipoishia. Kuiacha RAM tupu hakukuokolei chaji, kwa kuwa chipu za RAM hupewa umeme muda wote simu ikiwa imewashwa, ziwe zimejaa au hazikujaa.

Nafasi kwenye RAM ikipungua, mfumo wenyewe ndio unaoamua nani aondoke. Katika iPhone kazi hiyo hufanywa na kitengo kiitwacho Jetsam, na katika Android hufanywa na kingine kiitwacho lmkd. Vitengo hivyo hupima umuhimu wa kila programu kwako kwa wakati huo, ile unayoitazama ikiwa ya mwisho kuguswa, na huanza kuziondoa zile zilizokaa muda mrefu bila kutumika. Hufanya hivyo mara nyingi kwa siku bila wewe kujua. Sasa, wewe unapozifuta zote kwa mkono wako, unakifanya kitendo kilekile unacholalamikia kwamba simu inakifanya, tena unakifanya bila kupima chochote, kwa kuwa unaiondoa hata programu utakayoihitaji baada ya dakika mbili. Ukiifungua tena, italazimika kusoma mafaili yake upya kutoka kwenye hifadhi, kujenga ukurasa wake upya, kuwasiliana na seva upya, na kuvuta kwa bando lako picha zote ambazo haikuwa imezihifadhi. Kazi ya prosesa huongezeka, simu hupata joto na chaji hushuka. Ni sawa na mpishi anayezima jiko la mkaa baada ya kila sufuria, akaliwasha tena kwa sufuria inayofuata, halafu akashangaa mkaa unakwisha upesi.

Wenye mifumo hiyo walishaulizwa na wakajibu. Mwezi Machi 2016 Craig Federighi, mkuu wa uhandisi wa programu wa Apple, alijibu barua pepe ya mteja aliyetaka kujua kama yeye mwenyewe huzifunga programu mara kwa mara na kama ni lazima kufanya hivyo ili chaji idumu. Jibu lake kwa maswali yote mawili lilikuwa hapana. Siku chache baadaye Hiroshi Lockheimer, aliyekuwa akiisimamia Android huko Google, alisema kwa upande wake kwamba haisaidii na kwamba inaweza hata kuzidisha hali kidogo. Ni miaka mingi sasa, na bado nawaona watu wakisukuma programu juu kila wanapoishika simu.

Kibaya zaidi ni zile programu za kusafisha simu zinazoonyesha duara jekundu na maneno kwamba asilimia 80 ya RAM imetumika. Mtu huogopa, hubonyeza kitufe cha kusafisha, namba hushuka, naye hujiona ametibu. Aitazame tena baada ya muda mfupi ataikuta imepanda, kwa sababu huduma nyingi zilizoondolewa ni zile ambazo mfumo unazihitaji na huzianzisha tena mara moja. Programu ya kusafisha nayo imekaa humohumo kwenye RAM, ikikutumia matangazo. Mteja akinipa simu yenye programu mbili za namna hiyo, ninaanza kwa kuziondoa kabla sijagusa kitu kingine.

Zipo nyakati za kuifunga programu kwa mkono. Ikikwama isiitikie, ifunge. Ikiwa ni ya ramani na inaendelea kukuongoza wakati umeshafika, ifunge. Lakini funga hiyo moja. Na wenye baadhi ya simu za Android wajue kwamba kwao kufuta zote huzizuia kabisa programu za ujumbe, hata ujumbe usiingie mpaka uzifungue mwenyewe, halafu lawama huangukia mtandao wa simu.

Swali la haki ni hili: kama kufuta zote ndiko kubaya, mbona tatizo limeanza baada ya sasisho? Kwa Android, maelezo yako katika namna programu zinavyotayarishwa, yaani maagizo yake yanavyogeuzwa kuwa lugha ya prosesa ili zifunguke upesi. Wenye simu za toleo la 5 na la 6 watakumbuka kwamba baada ya sasisho simu ilikuwa ikikufungia nje huku ikionyesha inatayarisha programu moja kati ya mia na kitu, nawe unangoja. Kuanzia toleo la 7, lililotoka 2016, utaratibu ulibadilishwa: simu hufunguka mapema, na utayarishaji wa programu unazozitumia zaidi hufanyika kidogo kidogo nyuma ya pazia, wakati simu imetulia na iko kwenye chaji. Sasisho la mfumo hufanya sehemu kubwa ya matayarisho ya zamani yasifae tena, na mpaka yafanyike mapya kila programu hufunguka kwa uzito. iPhone nayo baada ya sasisho huorodhesha upya vitu vya kutafutwa na kuzichambua picha, na kazi ya picha hufanyika hasa ikiwa imefungwa na iko kwenye umeme.

Hapa ndipo ninapotoa ushauri ambao wateja wangu wamechoka kuusikia, nami sitaacha kuutoa. Baada ya sasisho kubwa, izime simu na kuiwasha mara moja, kisha kwa usiku mitatu mfululizo ichomeke kwenye chaji, ifunge skrini, uilaze na usiishike mpaka asubuhi. Ukiwa na Wi-Fi, iunganishe na uruhusu programu zako nazo zisasishwe, maana programu ya zamani juu ya mfumo mpya ni chanzo kingine cha kuanguka na kuanza upya. Anayechaji simu kwa nusu saa mchana huku anatazama video haipi simu nafasi hata mara moja ya kumaliza kazi yake, kisha anakuja kwangu baada ya wiki tatu akisema sasisho limeiharibu.

Yapo matatizo ambayo usingizi wa simu hautayaondoa. Mfumo mpya mara nyingi ni mkubwa kuliko ule uliotangulia, na kwa simu yenye RAM ya GB 2 au 3 kinachobaki kwa programu zako hupungua. Kamera ni miongoni mwa programu zinazodai RAM nyingi kwa mara moja. Chukua mama anayejaza kwenye kivinjari fomu ya maombi ya mwanawe. Ameandika majina, tarehe ya kuzaliwa, shule alizosoma na anwani, kisha fomu inadai picha ya cheti cha kuzaliwa. Anafungua kamera, anakiweka cheti mezani, anapiga picha, anarudi na kukuta nafasi zote za fomu ni tupu. Kamera ilihitaji nafasi, na mfumo ukauondoa ukurasa uliokuwa nyuma. Dawa yake ni kupiga picha za vyeti vyote kwanza, kisha kuifungua fomu ukiwa na kila kitu kwenye matunzio. Lakini nasema wazi kwamba lawama kubwa ni ya waliotengeneza fomu au programu hiyo. Android na iOS, yaani mfumo wa iPhone, zote zinawapa watengenezaji njia ya kuhifadhi alichokiandika mtumiaji kabla programu haijaondolewa, na anayekwepa kazi hiyo anawatesa watu wenye simu ndogo, ambao ndio wengi miongoni mwetu. Programu za benki ni jambo jingine: zinakudai kwa makusudi namba ya siri upya kila ukirudi, kwa ajili ya usalama wako, na hilo halihitaji fundi.

Na kuna wakati sasisho lenyewe huwa na kosa. Mfano ninaoutumia daima ni iOS 13.2, iliyotoka tarehe 28 Oktoba 2019. Siku zilezile watumiaji wakaanza kulalamika kwamba kurasa za Safari, kivinjari cha iPhone, na video za YouTube zinaanza upya hata ukitoka kwa sekunde chache kusoma ujumbe, na miongoni mwao walikuwamo wenye iPhone 11 Pro, ambayo wakati huo ilikuwa simu mpya kabisa. Mfumo ulikuwa ukiziondoa programu bila sababu ya msingi. Tarehe 7 Novemba Apple ikatoa 13.2.2 na kueleza katika maelezo yake kwamba imerekebisha hitilafu iliyoweza kuzifanya programu zifunge ghafla zikiwa nyuma. Katika siku hizo kumi, hakuna kufuta, kusafisha wala kurudisha simu kiwandani, yaani kufuta kila kilichomo ili iwe kama mpya, kungemsaidia mtu, na waliofuta kila kitu kwenye simu zao walipoteza muda bure. Ukiona sasisho dogo limefuata upesi baada ya kubwa, liweke.

Wengine husema, "Simu yangu ina GB 128, haiwezi kuwa imejaa." Hiyo ni hifadhi ya picha na video, wala si RAM. Nenda kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, utaiona RAM ikiwa na namba yake ndogo. Na ile "4+4" iliyoandikwa kwenye boksi ina RAM ya GB 4 tu, kwa kuwa nne nyingine zimeazimwa kutoka kwenye hifadhi, ambayo ni ya polepole mno kuliko RAM. Virusi ninatajiwa kila siku, na katika lalamiko hili la programu kuanza upya karibu kila mara havimo.

Dhana kwamba masasisho hutengenezwa ili kuziua simu za zamani ina chimbuko lake. Apple, kupitia iOS 10.2.1 ya Januari 2017, ilipunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochakaa ili zisizime ghafla, nayo haikueleza hilo waziwazi mpaka Desemba mwaka huo. Kwa mwaka 2018 ilishusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29, na Februari 2020 Ufaransa iliitoza faini ya euro milioni 25 kwa kutowaarifu wateja. Kosa lilikuwa kubwa, lakini lilihusu kasi ya prosesa na betri, si programu kuondolewa kwenye RAM. Anayekataa masasisho yote kwa sababu hiyo anabaki na mianya ya usalama kwenye simu anayotumia kutuma fedha. Mwenye iPhone ya zamani afungue sehemu ya afya ya betri kwanza, kwani betri mpya huenda ndiyo anayoihitaji.

Kurudisha simu kiwandani nakuweka mwisho kabisa. Hakurudishi toleo la zamani la mfumo kama wengi wanavyodhani, na utayarishaji wote huanza tena mwanzo. Wapo wanaofanya hivyo kwa kubonyeza vitufe vya pembeni bila kukumbuka nywila ya akaunti ya Google, simu ikawaka na kudai akaunti hiyo, nao wakabaki na simu isiyofunguka.

Ukiamua kuleta simu kwa fundi, mwambie toleo la mfumo ulilo nalo na tarehe uliyosasisha, RAM yake ni GB ngapi, hifadhi imebaki kiasi gani, na programu mbili zipi hasa zinaanza upya ukitoka ipi kwenda ipi. Na tafadhali, usizifute kabla hujanikabidhi. Ninahitaji kuona yaliyomo humo.