Mwanafunzi anayetetemeka mbele ya darasa, kumwambia "tulia" hakumsaidii

Kwenye kitengo chetu cha ushauri kwa wanafunzi, kipindi cha presentesheni kikifika tunajua tu mlango utagongwa. Na anayegonga mara nyingi sio yule mvivu ambaye hajasoma, ni yule aliyesoma mpaka akapitiliza, anakaa kwenye kiti anakwambia "mimi kila kitu nakijua ila nikisimama tu mbele za watu kichwa kinakuwa cheupe". Ukimuuliza alishasaidiwaje, anasema mwalimu alimwambia atulie, ajiamini. Basi. Sasa kama angekuwa anajua kutulia, ofisini kwetu angefuata nini?

Tuanzie kwenye mwili. Ukijua watu wanakuangalia na wanakupima, mwili unamwaga adrenalini, moyo unaenda mbio, mate yanapungua ndo maana mdomo unakauka, vidole navyo vinaanza kucheza. Hii haimaanishi kwamba mtu hana akili wala hakulelewa vizuri. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Trier kule Ujerumani walichapisha jaribio ambalo mpaka leo maabara nyingi zinalitumia kila zikitaka kumpandishia mtu stresi kwa makusudi. Wanamchukua mtu mzima mwenye afya zake, wanampa muda kidogo wa kujiandaa, halafu anaongea dakika 5 mbele ya jopo la watu ambao wameambiwa wasitabasamu wala kutikisa kichwa, akimaliza anaambiwa ahesabu kwa sauti kurudi nyuma kutoka 1022 akitoa 13 kila mara, akikosea anaanza upya. Homoni ya stresi, kotisoli, ukiipima kwenye mate yake unaikuta imepanda.

Mimi hapo huwa nawauliza walimu wenzangu, hilo jopo si ndo sisi? Siku ya presentesheni mwalimu kainamia karatasi ya maksi, hainui uso, wanafunzi wa nyuma wako kwenye simu, na mtoto wa watu kasimama pale anatafuta hata jicho moja la kumpokea halipati. Tumejenga maabara ya stresi darasani halafu tunashangaa mtu akikwama. Kwa hiyo kabla ya kumrekebisha msemaji tengenezeni kwanza wasikilizaji: mwalimu weka kalamu chini dakika ya kwanza yote, msikilize kama mtu anayesikiliza, maksi utaandika baadaye. Na mwanafunzi, ongea na marafiki wawili kabla, mmoja akae kushoto mwingine kulia, kazi yao ni kukuangalia na kuitikia kwa kichwa tu, macho yako yakizunguka chumba yana pa kutua.

Kitu cha pili ambacho wengi hawakijui ni kwamba ile hofu unayoisikia ndani, nje haionekani kwa kiasi unachofikiria. Unasikia moyo unapiga ngoma masikioni unadhani chumba kizima kinasikia. Hakisikii. Watafiti Savitsky na Gilovich walilijaribu hili mwaka 2003, wanafunzi wakatoa hotuba fupi, na wale walioelezwa mapema kwamba wasikilizaji hawaoni wasiwasi wao kama wanavyodhani, waliongea vizuri zaidi, wao wenyewe waliona hivyo na waliowaangalia pia waliona hivyo. Yaani kupewa taarifa tu. Sisi ofisini tunafanya kwa simu, anaongea dakika mbili tunamrekodi, kabla hajaangalia tunamwambia ajipe namba kuanzia 1 hadi 10 alitetemeka kiasi gani. Anasema 9. Tunaangalia wote. Kimya kidogo, halafu anauliza "mbona kama niko sawa tu?" Hiyo sura yake pale ndo naipenda kuliko kitu chochote kwenye kazi hii.

Ila kuna kitu kimoja ambacho kweli kinaonekana: karatasi. Ukishika A4 laini mkononi, mtetemo mdogo wa vidole unafika kwenye ncha ya karatasi umeshakuwa mkubwa, inapiga kelele kabisa, wewe unaiona, unazidi kuogopa, inazidi kucheza. Usishike. Iweke mezani, au andika pointi zako kwenye kadi ngumu ndogo inayoenea kiganjani.

Na kwenye hiyo kadi usiandike hotuba nzima. Hili ndo kosa la wale wanafunzi wazuri, wanakariri neno kwa neno kama sala, sasa neno moja likidondoka na yaliyofuata yote yanadondoka nalo kwa sababu yalikuwa yameshikana kama mnyororo. Kariri sentensi mbili za mwanzo mpaka uweze kuzisema hata ukiamshwa usingizini, maana hofu huwa iko juu zaidi pale mwanzoni kisha kwa watu wengi inashuka kadiri wanavyoendelea. Kariri na ya mwisho, ili usimalizie kwa ile "ehh... ni hayo tu". Katikati beba pointi zako nne tano na uzieleze kwa maneno yatakayokuja, leo hivi kesho vile, haijalishi.

Halafu hili la kuvuta pumzi. Sio baya, ila wengi wanalifanya kinyume, wanavuta kwa nguvu wanajaza kifua wanabaki wamevimba, wanazidi kupata kizunguzungu. Kinachosaidia zaidi ni kutoa, toa taratibu kwa muda mrefu kuliko uliovuta, mara tatu nne kabla ya kuinuka. Na badala ya kujiambia "nimetulia" huku mwili unakukatalia, sema "nina hamu ya kuongea". Najua inasikika kama utani. Alison Wood Brooks wa Harvard alichapisha majaribio yake mwaka 2014, waliojisemea kwamba wamesisimka kwa hamu walihutubia vizuri kuliko waliojisemea wametulia. Na ukifikiria ina mantiki, moyo kwenda mbio kwa hofu na moyo kwenda mbio kwa hamu ni vitu vinavyofanana sana mwilini, kubadili jina ni rahisi kuliko kuzima injini nzima.

Yote haya lakini hayana maana bila kurudia rudia. Kumsamehe mwanafunzi kila mara, "haya wewe leta ya kuandika tu", ni huruma inayomuumiza, kwa sababu ile nafuu anayoipata akikwepa ndo inayomfundisha akili yake kwamba kukwepa ndo dawa. Kumrusha mbele ya ukumbi mzima siku ya kwanza nako ni ukatili. Panda ngazi: asome aya moja akiwa amekaa, aelezee jambo kwa wenzake watatu, asimame mbele ya kumi, ndipo darasa zima. Kila ngazi airudie mpaka aichoke kabla ya kupanda nyingine, na iwe kila wiki, sio mara moja kwa muhula na yenye maksi juu.

Kuna wachache ambao ngazi hizi hazitoshi, anakosa usingizi siku kadhaa, anatapika, anafikiria kuacha masomo, huyo mpelekeni kwa mtaalamu wa saikolojia mapema, inatibika. Na mwenye kigugumizi msimweke kapu hilohilo, kigugumizi hakiletwi na woga ingawa woga unaweza kukizidisha, usimmalizie maneno yake, muongezee muda tu.

Swali ambalo walimu wananiuliza sana ni akinyamaza kabisa katikati nifanyeje. Usimwambie akae! Akikaa pale, ndo picha atakayoondoka nayo. Subiri kidogo, kimya cha sekunde tano ni kirefu kwake yeye tu, darasa wala halijashtuka. Kikizidi, muulize swali dogo kuhusu kile alichokuwa amekisema mwisho, "umesema maji yalipungua, yalipungua wapi hasa?" Atakujibu, kwa sababu kujibu ni maongezi sio hotuba, na akishajibu mwambie haya endelea.