Ile komedi ya Sony ilitoka, haikufutwa

Mpaka leo utasikia mtu anakwambia The Interview, ile komedi ya Seth Rogen na James Franco kuhusu njama ya kumuua Kim Jong-un, Sony waliiua moja kwa moja sababu ya wadukuzi na haijawahi kuonyeshwa popote. Hapana jamani, ilitoka.

Ilivyokuwa ni hivi. Novemba 24, 2014 wafanyakazi wa Sony Pictures wamewasha kompyuta wakakuta fuvu jekundu kwenye skrini, na baada ya hapo imeli, mishahara na muvi ambazo hazijatoka zikaanza kumwagwa mtandaoni. Desemba 16 wadukuzi wakatishia kumbi za sinema, wakataja kabisa mashambulizi ya Septemba 11, 2001, na makampuni makubwa ya sinema Marekani yakajitoa, ndo kesho yake Sony wakasitisha uzinduzi wa Desemba 25. Kwa hiyo lawama yote kuwatupia Sony peke yao naona si haki, ungeionyesha wapi kama kumbi zimekataa?

Ila kusitisha kwenyewe kulidumu kama wiki tu. Desemba 24 ikawekwa YouTube na Google Play, unakodi kwa dola 5.99, na Krismasi yenyewe kumbi ndogo ndogo zaidi ya 300 zikaionyesha.

Halafu kingine watu hawakijui, imeli ya kwanza ya wadukuzi kwa mabosi wa Sony, Novemba 21, ilidai hela, muvi haikutajwa kabisa.