Je, wajua programu huisomaje barua pepe?

Ukifungua barua pepe kwenye simu unaona jina la aliyekuandikia, mada, tarehe, maneno yake na pengine picha mbili tatu chini yake. Kila kitu kimekaa mahali pake. Kabla ya hapo mpangilio huo haukuwapo. Kinachosafiri kutoka seva moja hadi nyingine ni maandishi marefu tu, mstari baada ya mstari, na ni lazima programu fulani iyapitie maandishi hayo na kuamua huyu ndiye mtumaji, hii ndiyo mada, hiki ni kiambatisho. Kazi hiyo ya uchambuzi hufanywa na maktaba za programu, yaani msimbo ulioandikwa tayari ili wengine wautumie, kama ile iitwayo email inayokuja ndani ya lugha ya Python. Kwa nini basi hata mtu aliyebobea katika kuandika programu huonywa asijaribu kuiandika kazi hiyo upya kwa mkono wake?

Hivi ndivyo ujumbe mdogo unavyoonekana kabla haujapambwa:

```
Received: from seva-b.example by seva-c.example;
 Tue, 4 Mar 2025 10:15:09 +0300
Received: from seva-a.example by seva-b.example;
 Tue, 4 Mar 2025 10:15:04 +0300
From: "Mwanga, Asha" <asha@example.org>
To: juma@example.net
Subject: =?UTF-8?Q?Safari_ya_ng=E2=80=99ambo?=
Date: Tue, 4 Mar 2025 10:15:00 +0300

Habari za siku? Nauli nimeshalipa.
```

Sehemu ya juu ni vichwa vya ujumbe. Kila kichwa kina jina, nukta mbili, kisha thamani yake. Vikiisha unakuja mstari mtupu, na baada ya mstari huo ni mwili wa barua. Umbo hili ni la zamani. Lilikuwamo kwenye RFC 733 ya mwaka 1977, mojawapo ya nyaraka za kanuni za mtandao ziitwazo RFC, likapangwa upya katika RFC 822 mwaka 1982, likaguswa tena mwaka 2001 na mwaka 2008, ulipotoka RFC 5322. Katika miaka yote hiyo hapajatokea siku ambayo mtandao ulisimama ili kila mtu aanze na kanuni mpya. Ndiyo maana waraka wa 2008 una sehemu nzima ya mitindo iliyopitwa na wakati, ambayo programu hairuhusiwi tena kuiandika lakini inatakiwa iweze kuisoma. Mwaka ulioandikwa kwa tarakimu mbili ni mfano mmojawapo: 00 hadi 49 husomwa kama miaka ya 2000, na 50 hadi 99 kama miaka ya 1900.

Mtu akiutazama ujumbe ule kwa haraka atasema: kata mistari, kila mstari ukate penye nukta mbili, kazi imekwisha. Mjaribu kwenye kichwa cha kwanza kabisa. Received imechukua mistari miwili, kwa sababu kichwa kirefu huruhusiwa kukunjwa: mstari unaoanza na nafasi tupu au tabo ni mwendelezo wa ule ulioutangulia. Kanuni inapendekeza mstari usizidi herufi 78 na inakataza kabisa kupita 998, bila kuhesabu alama mbili za kumalizia mstari. Programu isiyojua kukunjua itaufikia mstari wa pili, itaona nukta mbili katikati ya saa, na itaandika kwamba barua hii ina kichwa kiitwacho “Tue, 4 Mar 2025 10”.

Tuseme imejifunza kukunjua. Inafika kwenye anwani. Wapokeaji wakiwa wengi hutenganishwa kwa mkato, kwa hiyo inakata penye mkato, na Asha Mwanga, ambaye ameandika jina la ukoo kwanza, anageuka watu wawili: mmoja anaitwa Mwanga na alama ya kunukuu iliyobaki inaning’inia, mwingine anaitwa Asha na anwani yake. Mkato ulio ndani ya alama za kunukuu si kitenganishi. Halafu kuna mabano. Kanuni inaruhusu maelezo ndani ya mabano karibu kila mahali kwenye vichwa vya aina hii, na mabano hayo yanaweza kubeba mabano mengine ndani yake. Anwani kama asha(wa uhasibu (zamani))@example.org inapita kisheria, na maana yake ni asha@example.org tu. Ruwaza za kutafutia maandishi ambazo wengi wetu huzikimbilia, kwa umbo lake la asili, haziwezi kuhesabu mabano yaliyoingiliana bila kikomo cha kina. Hapo anayeanza na mistari mitatu ya msimbo hujikuta anaandika kichambuzi kamili.

Mada nayo ina habari yake, na hii inawagusa hasa waandikao Kiswahili. Barua pepe ilijengwa juu ya ASCII, seti ya alama 128 zilizotosha Kiingereza. Bahati nzuri, herufi zote za Kiswahili zimo humo, hivyo mada nyingi za Kiswahili hupita bila shida yoyote, na mtu anaweza kuandika programu yake, akaijaribu kwa barua zake mwenyewe, na kuamini kwamba imekamilika. Kisha simu ya mtu fulani inabadilisha kile kialama kilichonyooka cha “ng'” kuwa kile kilichopinda, “ng’”. Kilichopinda hakimo kwenye ASCII. Katika UTF-8, mfumo wa kuandika herufi za lugha mbalimbali kwa baiti, ni baiti tatu: E2, 80 na 99.

Njia ya kuzipitisha baiti kama hizo ilipatikana mwaka 1992. Mwaka huo Nathaniel Borenstein na Ned Freed walitoa kanuni za MIME zinazohusu mwili wa barua, na Keith Moore akaandika waraka wake mwenza kuhusu vichwa. Itazame tena mada yetu: alama ya sawasawa na ya kuuliza hufungua, UTF-8 inataja mfumo wa herufi, Q inataja mbinu ya kuzigeuza baiti kuwa alama za ASCII, kisha maneno yenyewe, ambamo kistari cha chini husimama badala ya nafasi na kila baiti ngeni huandikwa kwa alama ya sawasawa na tarakimu zake mbili. Badala ya Q mtumaji anaweza kutumia B, yaani Base64, mbinu nyingine ya kuandika baiti zozote kwa alama za ASCII.

Kila kipande cha namna hii hakitakiwi kuzidi herufi 75, kwa hiyo mada ndefu hukatwa vipande viwili, vitatu. Nafasi iliyo kati ya vipande viwili hufutwa wakati wa kusoma. Nafasi kati ya kipande na neno la kawaida hubaki. Ukisahau hilo utakuta maneno yameshikana au yamekatika katikati. Kuna pia programu zinazokata bila kuangalia, baiti moja ya alama yetu ikabaki kipande cha kwanza na mbili zikaenda cha pili, jambo ambalo kanuni inalikataza. Mchambuzi anayefungua kila kipande peke yake atapata takataka. Anayeunganisha baiti kwanza ndipo akafungua ataokoa neno.

Kwenye Python tofauti hii unaiona kwa macho. Ukimwita message_from_bytes bila kuongeza kitu, msg["Subject"] hukurudishia ule mfululizo wa alama kama ulivyo, kwa sababu maktaba hubaki na tabia yake ya zamani ili programu za miaka iliyopita zisivunjike. Ukiongeza policy=email.policy.default unapata “Safari ya ng’ambo”. Ningependa kila mwongozo wa wanaoanza uanze na njia hii ya pili. Na uanze na baiti, si maandishi: kabla barua haijasomwa hujui imeandikwa kwa mfumo gani wa herufi, na sehemu mbili za barua moja zinaweza kutumia mifumo tofauti.

Mwili wa barua sitaukalia sana. Ikiwa kuna viambatisho, kichwa cha Content-Type hutaja mpaka, yaani mfululizo wa herufi aliouchagua mtumaji, na kila sehemu hutanguliwa na mstari wenye vistari viwili na mpaka huo. Wa mwisho huongezewa vistari viwili nyuma. Picha hugeuzwa kwa Base64, baiti tatu zikawa herufi nne, ndiyo maana kiambatisho huongezeka kwa takriban theluthi moja kikiwa njiani. Sehemu inaweza kuwa na sehemu nyingine ndani yake, na zile nazo vivyo hivyo.

Kinachonivutia zaidi katika kazi hii ni namna maktaba inavyoishi na makosa. Kichambuzi cha lugha ya programu kikikuta kosa hukataa na kusimama. Cha barua pepe hakina ruhusa hiyo, maana barua imeshafika na mwenyewe anaisubiri. Mpaka wa mwisho umesahaulika, mstari mtupu haupo, kichwa kinasema us-ascii na mwili umejaa herufi za Windows: yote hayo yapo kwenye masanduku ya watu, na mpokeaji anataka kusoma barua yake. Kichambuzi cha Python kwa kawaida hakirushi hitilafu mbele ya barua mbovu. Hutoa ujumbe kadiri kilivyoweza kuuelewa, kisha huandika kasoro zilizoonekana kwenye orodha iitwayo defects. Humo utakuta majina kama CloseBoundaryNotFoundDefect, likimaanisha mpaka wa kufungia haukupatikana. Ni uamuzi wa busara, na wengi wanaotumia maktaba hii hawajawahi kuifungua orodha hiyo.

Hatari inaanzia hapo hapo. Kusamehe kosa ni kukisia alichokusudia mwandishi, na programu mbili zinaweza kukisia tofauti. Chukua barua yenye From mbili. Kanuni inataka iwepo moja tu, lakini hakuna kinachomzuia mtu kutuma mbili. Ukiuliza msg["From"], nyaraka za Python zinasema wazi kwamba kichwa kikijirudia haikubainishwa utapewa kipi. Sahihi ya DKIM, inayothibitisha kwamba barua imetoka kwa kikoa fulani (jina linalofuata @ kwenye anwani) na haikuguswa, huhesabu vichwa vinavyojirudia kuanzia chini kwenda juu. Programu inayomwonyesha mtu barua inaweza kuchukua cha juu. Kwa hiyo laghai huchukua barua yenye sahihi halali, akapachika From yake juu, na kama aliyetia sahihi hakujikinga, ukaguzi unapita kwa jina moja huku macho ya msomaji yakiona jina jingine. Hakuna programu iliyovunjika. Kila moja imesoma kwa namna inayoweza kutetewa.

Anwani zina mtego wa aina hiyo hiyo. Mwaka 2019 maktaba ya Python ilisahihishwa kwa sababu ya anwani zenye alama ya @ zaidi ya moja. Ukiipa asha@mwizi.example@ofisi.example, ilikuwa inakurudishia asha@mwizi.example na kuyaacha yaliyobaki. Mfumo uliotazama mwisho wa anwani ungeona ofisi.example na kumruhusu mtu kujiandikisha. Barua ya uthibitisho ingekwenda kwa mwizi.

Na hata anwani ikiwa safi, From ni maandishi aliyoyaandika mtumaji. Seva zinapopokezana barua hutumia anwani nyingine, ile ya bahasha, ambayo hutajwa kwenye mazungumzo yao kabla ujumbe wenyewe haujaanza. Ukaguzi uitwao SPF hutazama kikoa cha bahasha. Kanuni nyingine, DMARC, ndiyo inayodai kikoa kilichothibitishwa kilingane na cha From. Hata Received, ambazo kila seva huweka yake juu ya zilizotangulia, hivyo safari ya barua husomwa kutoka chini kwenda juu, unaweza kuziamini kuanzia pale seva zako mwenyewe zilipoanza kuandika tu. Zilizo chini ya hapo mtu anaweza kuwa amezitunga.

Kwa hiyo swali la kuiuliza maktaba linategemea kazi uliyo nayo. Unayefungua kumbukumbu za barua za miaka 30 iliyopita, acha isamehe kila inachoweza, na uhifadhi baiti za asili pembeni ili uweze kurudi kwake. Unayeandika programu inayofungua akaunti, kutoa malipo au kubadilisha nywila kwa kutegemea barua iliyoingia, tumia policy.strict, ambayo hugeuza kasoro za muundo kuwa hitilafu badala ya kuziandika kimya kimya, kisha ita get_all("From") na uhesabu mwenyewe. Zikizidi moja, ikatae barua hiyo kabla ya kusoma neno lake la kwanza.